Saa Saba Mchana Posta: Nilivyojifunza Kufanya Mazoezi Kazini Kusiko na Bafu

Ratiba yangu ndiyo iliyonifikisha kwenye haya yote, kwa hiyo nianze nayo. Naishi Kimara, Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri natoka nyumbani kuwahi basi la mwendokasi kabla kituo hakijafurika, nashuka Posta ya Zamani, na saa moja na nusu niko mezani. Jioni natoka saa kumi na moja, na siku nyingi nafika nyumbani saa mbili usiku. Watoto wananisubiri nikague madaftari yao, na jikoni nako kunanisubiri. Nikimweleza mtu kwamba mazoezi yangu nafanya mchana, swali la kwanza huwa ni kwa nini nisikimbie alfajiri. Alfajiri yangu ni ya kugombea siti. Isitoshe mimi ni mwanamke, mtaa wetu hauna taa, na gizani sikimbii.

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, nilienda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikiniuma kisogoni kila asubuhi. Wakanipima presha: 154 kwa 98. Wakaniambia nirudi baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Namba hazikushuka. Nilikuwa na miaka 41, na mama yangu mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 51, kwa hiyo pale kwenye benchi hesabu niliyopiga kichwani ilikuwa ya miaka kumi. Daktari alinianzishia kidonge kimoja kila asubuhi, akanikataza chumvi ya mezani, akaniambia nitafute dakika 150 za mazoezi kila wiki, ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima kwa uchache. Nusu saa, mara tano.

Nusu saa hiyo haikuwepo popote isipokuwa saa ya chakula cha mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kwetu ni saa saba hadi saa nane. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani, na choo cha wanawake tunatumia pamoja na ofisi ya jirani: vyumba viwili, sinki moja, kioo kimoja. Bafu hakuna. Jimu zenye bafu zipo mjini, lakini ada ya mwezi niliyotajiwa ilikuwa karibu sawa na ninachomlipia mtoto wangu wa mwisho shuleni. Nikaamua kwamba jasho halitanishinda.

Lilinishinda siku ya kwanza tu.

Ilikuwa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, mwezi ambao Dar es Salaam mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Saa saba kamili nilivaa raba na tisheti, nikashika Mtaa wa Shaaban Robert, nikapita Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea hadi Ocean Road, ambayo tangu 2013 inaitwa Barabara ya Barack Obama ingawa wengi bado tunaiita kwa jina lake la zamani. Pale chini ya mivinje, bahari ikiwa upande mmoja, nilikimbia kidogo, nikatembea, nikakimbia tena. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miaka mingi. Nikarudi mbio ili nisichelewe, nikafika saa saba na dakika hamsini, nikaingia chooni, nikajifuta kwa karatasi za chooni. Zikalowa, zikachanika, zikabaki punje nyeupe shingoni na kwapani. Nikavaa blauzi yangu ya bluu mpauko ya polista, nikajipulizia marashi mara sita au saba, nikaenda kwenye kikao.

Ndani ya dakika kumi blauzi ilikuwa imelowa kwapani, mgongoni na chini ya matiti, kana kwamba sikuwa nimejifuta kabisa. Chumba kina kiyoyozi, lakini hewa yake inazunguka mle mle. Mwenzangu wa kushoto alisogeza kiti. Mwingine, bila kuniangalia, aliinuka akafungua dirisha huku kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Hakuna aliyesema neno. Nilikaa saa nzima mikono imebana ubavuni, siandiki wala sichangii. Kikao kilipoisha nilirudi chooni nikalia. Nikaazimia kwamba nitameza dawa tu, mazoezi basi.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa masijala, mtu wa Pangani, ambaye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Kesho yake asubuhi nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akanishika mkono akanipeleka kati ya makabati ya mafaili.

"Mwanangu, nikwambie neno usinune?"

"Niambie, mama."

"Marashi hayamwogeshi mtu. Marashi ni ya aliyekwisha kuoga. Na jana ulivaa ungali unachemka. Chungu ukikifunika kikiwa kinachemka, mvuke wake utakwenda wapi?"

Sentensi hizo chache ndizo zilizonifaa kuliko vitu vyote nilivyonunua baadaye. Kosa langu kubwa halikuwa kukosa bafu. Lilikuwa kutojipa muda wa kupoa. Ukiacha kukimbia, joto ulilolitengeneza kwenye misuli bado limo mwilini, na mwili unaendelea kutoa jasho dakika kumi, kumi na tano, hata ishirini kulitoa nje. Jasho linapoza linapokauka juu ya ngozi, na hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo linakauka polepole, linabaki kutiririka. Ukijifuta dakika ya kwanza, unafuta jasho la kwanza na kulipisha la pili, na hilo la pili linaingia moja kwa moja kwenye nguo safi. Nimekutana na watu ofisi nyingine wanaojifunza kama nilivyojifunza mimi, na karibu wote wanateleza hapo hapo: wanatumia dakika zote kwenye mazoezi, halafu wanataka usafi wa dakika tano.

Siku hizi nusu saa yangu inaishia kwa dakika tano za kutembea pole, nikirudi upande wenye kivuli cha majengo. Nikifika chini ya jengo sipandi juu. Kuna mti wa mkungu mbele ya geti, na mlinzi huniachia stuli yake. Naweka shingoni kitaulo nilichokilowesha kwa maji ya kawaida, navua soksi, nakunywa maji taratibu. Viganja na mikono hadi viwiko navimwagia maji kidogo kutoka kwenye chupa. Dakika kumi. Nikipitisha kiganja kwenye paji la uso na lisilowe tena, napanda. Kama bado linalowa, nasubiri, hata kama ni kula muda wa chakula.

Kuhusu maji nilijifunza kwa kuangalia. Mama wa masijala huchukua udhu wa adhuhuri pale pale kwenye sinki letu, na siku moja nilisimama nyuma yake nikisubiri zamu. Alikuwa na kikopo cha plastiki, si zaidi ya lita moja. Kwa maji hayo alinawa viganja, akasukutua kinywa, akapandisha maji puani, akaosha uso, mikono hadi viwiko, akapaka kichwa, akaosha miguu mmoja baada ya mwingine kwenye beseni dogo, na sakafu ikabaki kavu. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nafungua bomba na kujirushia maji, nusu yake yanaishia ukutani. Yule mama hakuwa akinifundisha kuoga, alikuwa kwenye ibada yake, na namheshimu kwa hilo. Lakini nilichokiona ni kwamba maji machache yenye utaratibu yanatosha mwili mzima.

Utaratibu wangu unakwenda hivi. Nina kopo la lita moja na vitambaa viwili vya pamba nilivyokata kutoka kanga kuukuu. Kanga iliyochakaa inanyonya maji vizuri na inakauka upesi kuliko taulo. Kitambaa cha kwanza nakilowesha, natia sabuni ya kipande kidogo sana, povu lisiwe jingi, maana povu ndilo linalokula maji na kuacha ngozi inanata. Naanza na uso na shingo bila sabuni, kisha nyuma ya masikio, kifua, chini ya matiti, mgongo kwa kukishika kitambaa pande mbili kama ninavyojisugua nyumbani, kwapa, halafu nyonga, mapaja na miguu mwisho kabisa. Cha pili ni cha maji matupu, kinaondoa sabuni. Kisha najikausha kwa kitaulo kikavu kwa kubonyeza, si kusugua, kwa sababu kusugua kunapasha ngozi joto tena. Kazi nzima ni dakika nane. Sehemu zenye mkunjo nazipa muda zaidi: kwapa, chini ya matiti, kinena, katikati ya vidole vya miguu. Jasho lenyewe likitoka ni maji na chumvi, halina harufu ya kumkera mtu. Harufu inakuja bakteria wa kwenye ngozi wanapolifanyia kazi, hasa lile jasho zito la kwapani na kinenani. Kwa hiyo muda na sabuni vinapaswa kwenda huko. Mikono na miguu inahitaji kufutwa chumvi tu.

Nimesema sakafu ikabaki kavu, na hilo lina kisa. Wiki zangu za mwanzo niliacha sakafu ya choo imelowa kila siku saa nane kasoro. Sikuliona kama tatizo. Dada anayefanya usafi ghorofani kwetu alikuwa amepewa onyo na msimamizi wake, kwa sababu mtu wa ofisi ya jirani aliteleza pale mlangoni. Hakuumia, nashukuru Mungu, lakini yule dada alitishiwa kukatwa mshahara kwa uchafu wangu mimi. Nilipolijua nilimfuata stoo anakoweka mafagio, nikamwomba radhi. Nilimwambia nitakwenda kwa msimamizi wake kueleza kwamba kosa lilikuwa langu, na nilikwenda siku hiyo hiyo. Aliponiona nimerudi alinionyesha kitu ambacho kwa wiki tatu sikukijua: ile stoo ina bomba la chini, sakafu ya saruji yenye tundu la kutolea maji, na mlango unaofungwa kwa komeo. "Dada, kwa nini usiogee huku?" aliniuliza. Hakuna kiti wala kioo, na kuna harufu ya dawa ya sakafu, lakini ndilo bafu langu mpaka leo. Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikanunua kulabu mbili za kutundikia nguo, na kila nikimaliza napiga dekio mwenyewe. Ukitaka kufanya mambo haya ofisini kwako, nenda kwa mtu wa usafi kabla hujaenda kwa bosi. Yeye ndiye anayejua jengo lina maji wapi na yanatokea wapi.

Nina makosa mengine mawili yaliyonigharimu, na yote yametokana na kutaka njia ya mkato. La kwanza ni zile tishu za majimaji za kufutia watoto. Zinasaidia kweli siku maji yamekatika, na sasa hivi nina pakiti moja kwenye droo kwa ajili hiyo. Lakini nilikuwa nazitupa chooni na kuvuta maji. Haziyeyuki kama karatasi ya kawaida. Wiki ya tano choo kiliziba, fundi bomba akaja akazitoa tonge zima, na nililipa shilingi 45,000 mfukoni mwangu kwa sababu nilijua ni zangu. Zitupe kwenye ndoo ya taka. La pili ni kwamba zile nilizonunua zilikuwa na manukato, nami nikawa nazitumia hadi sehemu za siri. Nilipata muwasho uliokaa siku tisa, nikaenda kituo cha afya nikiwa nimeshafikiria mabaya matupu. Nesi aliniuliza maswali mawili tu, kisha akaniambia niache manukato huko, nitumie maji ya kawaida kwa nje, nivae chupi za pamba. Ukaisha. Naandika hili wazi kwa sababu najua wanawake wengi wanaweza kulibeba kimya kimya kwa miezi.

Ndimu nayo. Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba ndimu inaua harufu ya kwapa, na kweli asidi yake inawapunguza bakteria. Nilijipaka asubuhi ya siku ambayo usiku wake nilikuwa nimenyoa. Kwapa liliungua, likawa jekundu, likatoka ngozi, na wiki hiyo nzima sikuweza kupaka kitu chochote. Mama wa masijala aliposikia alisikitika, akatoa kwenye mkoba wake kipande cha shabu kilichofungwa kwenye kitambaa. Pwani watu wanaijua shabu: ni lile jiwe jeupe linalong'aa, vinyozi hulitumia baada ya kunyoa ndevu. Unalilowesha kidogo, unalipitisha kwenye kwapa safi, unaacha likauke kabla ya kuvaa. Halina harufu yake lenyewe. Kipande cha shilingi 1,000 nilichonunua Kariakoo kimenipeleka zaidi ya mwaka. Kwenye ngozi iliyochubuka linawasha, kwa hiyo nanyoa siku ya Jumamosi.

Wengine shabu haiwatoshi, wanatoka jasho jingi zaidi yangu. Kwao kuna dawa za kwapa za dukani, ila tazama kilichoandikwa: nyingine zinaondoa harufu tu, nyingine zinapunguza jasho lenyewe. Hizi za kupunguza jasho zinafanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku kwenye ngozi kavu, wakati tezi zimetulia, kuliko ukizipaka juu ya kwapa lenye majimaji saa nane mchana. Nilikuwa sijui, nimemwaga chupa mbili bure.

Nguo ndizo nilizochelewa kuzielewa. Tisheti za polista za mazoezi ni nyepesi na zinakauka haraka, lakini zinashika harufu kuliko pamba, na ukizipasha joto la mwili siku inayofuata, harufu ya jana inarudi hata kama zimefuliwa. Ijumaa moja nilizifungia zikiwa mbichi kwenye begi, nikalitia begi kwenye droo, nikaondoka. Jumatatu chumba kizima kilikuwa na harufu ya uvundo, na wenzangu walikuwa wameshaanza kutafuta panya aliyekufa. Nilikwenda kwa kila mmoja nikasema ni nguo zangu. Tangu hapo nguo mbichi zinatundikwa kwenye kulabu za stoo hadi jioni, kisha zinaingia kwenye mfuko wa kitambaa, nazo hazilali ofisini. Nyumbani naziloweka nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, ndipo nazisuuza na kuzifua kwa sabuni, nazianika juani zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Siki hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya madoa yenye klorini; mchanganyiko wake unatoa hewa yenye sumu.

Nguo za ndani ni lazima zibadilishwe zote, chupi na sidiria. Unaweza kuoga kwa kopo lako vizuri kabisa, halafu sidiria ile ile iliyonyonya jasho la nusu saa ikarudisha kila kitu. Kwa nguo ya kazi, nimeacha blauzi za polista siku za mazoezi. Navaa pamba au kitenge chenye maua mengi, kisichoonyesha unyevu. Na siivai ndani ya stoo yenye fukuto. Najifunga kanga, natoka, nasimama dakika mbili kwenye dirisha la korido linalopitisha upepo wa bahari, ndipo naingia chooni kuvaa. Viatu navyo, soksi jozi ya pili, na vidole vikauke kwanza. Niliwahi kupata fangasi katikati ya vidole kwa kuharakisha hapo tu.

Nywele zilinisumbua kuliko mwili. Nilikuwa nasuka rasta ndefu, zinanigharimu 35,000 na siku nzima ya kukaa kwenye kiti. Jasho lilikuwa linaingia kwenye ngozi ya kichwa, halitoki, na wiki ya pili tu kichwa kinawasha na kinanuka. Nilijaribu kujifunga kofia ya kuogea wakati wa kukimbia, nikawa nimepika kichwa. Mwisho nilikubali kubadilisha. Sasa nasuka twende kilioni kila baada ya wiki mbili kwa 5,000, nakimbia nikiwa nimefunga kitambaa cha pamba kwenye paji la uso ili kinyonye, na nikirudi napitisha kitambaa kibichi kwenye njia za mistari, nakausha, napaka tone la mafuta ya nazi kwenye kingo. Nilizipenda rasta zangu, na zilikuwa sehemu ya namna nilivyojiona. Kuziacha hakukuwa kwepesi, na sitamwambia mtu kwamba ni jambo dogo.

Chakula nimekihamisha. Saa nne nakunywa chai na kitu kizito, mihogo au chapati na maharage, na chakula cha mchana ninakibeba kwenye hotipoti nikakila saa nane juu ya meza, kwa ruhusa ya bosi. Hilo pia nilichelewa kuliomba. Mwezi wa kwanza nilikuwa sili kabisa, saa tisa mikono inatetemeka, na siku moja niliandika malipo ya milioni 3.6 badala ya laki 3.6. Mwenzangu aliiona kabla haijatoka. Nilikwenda kwa bosi nikamweleza kila kitu, presha, mazoezi, stoo na njaa. Alinisikiliza, akasema nikae nikila saa nane mradi simu zijibiwe. Ningemwambia siku ya kwanza ningejiokoa na mengi. Kama unatumia dawa za presha au za sukari, muulize pia daktari wako kuhusu kukimbia juani na kabla ya kula; mimi aliniambia nisikimbie kabisa mchana wa kaskazi, nitembee, na nikisikia kizunguzungu nikae chini hapo hapo.

Kwa hiyo mwaka wangu sasa una misimu. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na jua halichomi sana, nakimbia hadi karibu na Daraja la Salender na kurudi, na dakika saba za kupoa zinatosha. Masika naangalia mawingu. Desemba hadi katikati ya Machi sigusi Ocean Road saa saba. Napanda ngazi za jengo letu, ghorofa sita, polepole, mara tano hadi sita, upande wenye madirisha, halafu nakaa chini ya mkungu muda mrefu zaidi. Siku ambayo joto limezidi kabisa natembea tu kwenda na kurudi, sioshi mwili mzima, nabadilisha nguo za ndani na kufuta kwapa, na siku hiyo naihesabu kama siku ya mazoezi.

Vitu vyote vya kudumu vimenigharimu kama 30,000: kopo na beseni 6,000, kulabu 2,000, vitaulo viwili 7,000, mfuko wa kitambaa 3,000, shabu 1,000, nguo za ndani za ziada ndizo zilizobaki. Fedha niliyopoteza kwa marashi, dawa za kwapa zisizofaa na fundi bomba imezidi hiyo mara tatu.

Baada ya miezi minane presha yangu ilisoma 132 kwa 84. Kidonge bado nakimeza, chumvi bado nimepunguza, kwa hiyo siwezi kusema ni mazoezi peke yake. Daktari alisema niendelee hivyo hivyo, wala hakunipandishia dozi. Mama wa masijala alistaafu Juni mwaka huu, akarudi Pangani. Wiki yake ya mwisho alikuja na binti mmoja mgeni wa idara ya manunuzi, aliyekuwa ameanza kukimbia mchana na kurudi na marashi mengi, akamsimamisha mbele ya meza yangu, akaniambia, "Huyu naye anachemka. Mwonyeshe." Nikachukua kopo langu na kanga, tukashuka naye kwanza kwenye mkungu, tukakaa.